Klachi ya nguvu kwa gari la manyuo: namna ya kuichagua ukiwa Dar

Ukishuka kwenye pantoni upande wa Magogoni unapanda kimlima kifupi, na mbele yako kuna bajaji, wasukuma mikokoteni na akina mama wenye ndoo wanaowahi samaki Feri. Huwezi kukanyaga mafuta ukapita. Unabalansi: nusu klachi, mafuta kidogo, unasogea mita mbili, unasimama, unabalansi tena. Pale ndipo nilipojifunza kuchagua klachi. Nilikuwa na Hilux dabo kabini, nyuma nimepakia boksi za marumaru, na chini nimefunga klachi ya keramiki ambayo muuzaji mmoja wa Kariakoo aliniapia kwamba "hii ukifunga umesahau". Kila nikiachia pedali gari liliruka na kutikisika mpaka dashibodi ikalia. Mara ya nne au ya tano pedali ilizama ikabaki hukohuko chini. Mpira wa klachi masta, ile pampu ya mafuta inayosukumwa na pedali, ulikuwa umeshindwa kuhimili ugumu wa presha pleti mpya, yaani chuma chenye springi kinachoibana pleti ya msuguano. Vijana wa pale walinisukuma hadi pembeni, nikakaa juani nikimsubiri fundi.

Ile klachi ilikuwa imara kweli. Kosa ni kwamba niliinunua kwa kuuliza ipi ina nguvu zaidi, bila kujiuliza gari langu linafanya kazi gani na wapi. Ninaandika haya ili wewe uanze na hilo swali la pili.

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye klachi ya kawaida haimtoshi tena: umefunga tabo, umeongezewa nguvu kwenye kompyuta ya injini, umeweka tairi kubwa, unavuta tela, au unapakia mzigo mzito kila siku. Kama gari lako liko kama lilivyotoka kiwandani na klachi yake ya kwanza imedumu miaka mingi, nunua nyingine ya aina ileile na hela inayobaki ongezea kwenye tairi.

Hatua ya 1: Jua ya zamani imekufa kwa nini

Wengi wanaruka hatua hii, ndiyo maana wanarudi gereji baada ya miezi sita.

Anza na jaribio la barabarani. Tafuta barabara iliyonyooka na tupu, alfajiri ya Jumapili inafaa sana. Ukiwa kwenye mwendo wa 50 hivi, weka gia ya nne, kisha kanyaga mafuta yote. Mshale wa mizunguko ya injini ukipanda haraka huku mwendo umebaki palepale, klachi inateleza. Usirudierudie jaribio hili, maana kila ukilifanya unaiunguza zaidi.

Lakini kuteleza peke yake hakukuambii ununue klachi ya nguvu. Huenda sili ya nyuma ya krenki, ile shafti kuu ya injini, inavuja na oili inalowesha pleti. Huenda pedali haina nafasi ya bure juu, kwa hiyo beringi ya rilizi, ile inayoiachia klachi ukikanyaga pedali, inaisukuma presha pleti muda wote kidogokidogo bila wewe kujua. Kwenye Toyota nyingi nafasi hiyo ya bure inatakiwa iwe kati ya milimita 5 na 15. Ipime kwa rula kabla hujalipa shilingi yoyote ya kushusha gia boksi.

Gia boksi ikishashushwa, mwambie fundi asitupe kitu. Chukua pleti ya zamani, toka nayo nje kwenye mwanga, uigeuze polepole. Uso wake una habari zote. Ikiwa nyeusi na yenye unyevu, hasa kuanzia katikati kwenda nje, hiyo ni oili. Tibu sili kwanza. Ikiwa imechakaa sawasawa pande zote mbili mpaka vichwa vya ribiti, vile vipini vinavyoshikilia kitambaa cha pleti, vinakaribia kugusa, imekufa kifo cha uzee. Kipimo cha Toyota ni kwamba kina cha kichwa cha ribiti kutoka kwenye uso wa pleti kikishuka chini ya milimita 0.3, pleti imekwisha. Ikiwa bado nene lakini inang'aa kama kioo, na flaiwili, lile gurudumu zito la chuma nyuma ya injini ambalo pleti hubanwa juu yake, ina madoa ya bluu kama sufuria iliyosahaulika jikoni, iliuawa na joto. Na ikiwa bado nene, kavu, haina madoa, na gari lilikuwa linateleza pale tu unapokanyaga mafuta mengi kwenye gia kubwa, basi injini imeizidi presha pleti nguvu ya kubana.

Hizo hali mbili za mwisho ndizo zinazodai klachi iliyoboreshwa, na kila moja ina dawa yake.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya nguvu, kisha hesabu ya joto

Hesabu ya nguvu ni nyepesi. Torki, yaani nguvu ya injini ya kuzungusha, hupimwa kwa Newton mita na huandikwa Nm. Injini ya 1HZ iliyoko kwenye Land Cruiser nyingi za hapa kwetu, bila tabo, inatoa 285 Nm. Ile 1KD ya Hilux ya lita 3.0 yenye gia za mkono inatoa 343 Nm. Tuseme hiyo ya pili imeongezewa asilimia 20 kwenye kompyuta: inafika 412 hivi. Ongeza akiba ya robo nzima, unapata kama 515. Basi tafuta klachi ambayo mtengenezaji wake ameiandikia uwezo wa 500 hadi 520 Nm. Ukiuziwa ya 800 Nm, umelipia uzito ambao mguu wako wa kushoto utaubeba kila siku kwenye foleni.

Hesabu ya joto ndiyo nisiyosikia watu wakiipiga. Mzigo hauongezi torki ya injini. Injini ya 343 Nm inatoa 343 Nm hata ukipakia nyumba. Kinachoongezeka ni joto wakati wa kuondoka, kwa sababu klachi inateleza mpaka mwendo wa gari ulingane na mzunguko wa injini, na katika mtelezo huo nguvu inayogeuka joto inakaribiana na ile inayoingia kwenye mwendo wa gari. Gari la tani 2 likipakiwa likafika tani 3, kila kuondoka kunazalisha joto mara moja na nusu ya awali, na hapo ni tambarare. Mlimani ni zaidi.

Tairi nazo zimo. Ukitoka kwenye 265/70R16 kwenda 285/75R16, kipenyo kinaongezeka kwa karibu asilimia 7, na ni sawa na kumwambia injini aondoke na gia ndefu zaidi. Na wale wenye mazoea ya kuondokea gia ya pili kwa sababu "ya kwanza ni ya mlimani tu": mwendo ambao klachi inapaswa kuufikia kabla ya kushika unakuwa karibu mara mbili, na joto linapanda kwa mraba wa mwendo huo, kwa hiyo linaweza kupita mara tatu. Ndugu yangu, ukiwa na mzigo ondoka na gia ya kwanza. Tabia hiyo moja ina thamani ya nusu ya klachi mpya.

Sasa hesabu kuondoka kwako kwa siku moja. Anayetoka Gongo la Mboto kwenda Kariakoo asubuhi, anasimama na kuondoka mara ngapi? Mwenzake wa Land Cruiser anayekwenda Iringa mara mbili kwa mwezi anapanda Kitonga na mzigo, lakini klachi yake ikishashika inakaa imeshika. Wa foleni ndiye mwenye kazi ngumu ya klachi, hata kama gari lake ni dogo.

Hatua ya 3: Chagua pleti

Klachi inaongezewa uwezo kwa njia nne tu: kubana kwa nguvu zaidi, kuwa na kipenyo kikubwa zaidi, kutumia kitambaa chenye msuguano mkali zaidi, au kuongeza idadi ya pleti. Hiyo ya nne, ya pleti mbili, ni ya magari ya mashindano na malori makubwa, tuiache.

Organiki ni ile ya kawaida, duara zima la kitambaa chenye nyuzi na gundi ngumu, mara nyingi ikiwa na waya wa shaba ndani. Inashika taratibu, inabalansi vizuri, haili flaiwili. Udhaifu wake ni kwamba ikipikwa sana inang'aa na haiponi sawasawa tena. Watengenezaji wakubwa, kama Exedy wa Japani, wana toleo la kazi nzito la organiki hii: kitambaa bora zaidi, springi za katikati kubwa zaidi, na presha pleti inayobana zaidi kwa kiasi. Kwa mtu wa Dar anayepakia mzigo au aliyeongeza nguvu kidogo, mimi ningeanzia hapo, na tisa kati ya kumi wanaoniuliza nawaambia waishie hapo.

Kevla ni nyuzi za sintetiki zinazodumu sana. Inashika laini kama organiki. Ila ina masharti: inataka kilomita nyingi za kuizoesha ikiwa mpya, na ukiiunguza katika kipindi hicho uso wake unaharibika moja kwa moja. Gari likiendeshwa na deiwaka watatu tofauti, usiiweke.

Keramiki ni ile yenye vipande vilivyoachana, vitatu, vinne au sita, vinavyoonekana kama pedi za breki zilizopangwa kwenye nyota. Inavumilia joto kubwa na inashika kwa ukali. Tatizo ni hicho kushika kwa ukali: haina kati na kati. Inashika au haishiki, na kubalansi kwenye mlima wa pantoni kunakuwa mateso. Inaila flaiwili pia. Kama gari lako ni la mashindano au linatoka mara moja kwa wiki kwenda mchangani, sawa. Ukilazimika kuitumia mjini, chukua ya vipande sita yenye springi katikati. Ya vitatu itakuchosha kabisa.

Iwe ya aina gani, pleti ya gari la barabarani iwe na springi katikati. Zipo pleti za katikati ngumu, bila springi yoyote, na ni nyepesi. Kila mshtuko wa injini unapita moja kwa moja kwenye meno ya gia boksi. Gia boksi ni ghali kuliko klachi.

Hatua ya 4: Presha pleti na mguu wako

Presha pleti inayobana zaidi inamaanisha pedali nzito zaidi, na uzito huo hauishii mguuni. Unasukuma klachi masta ya juu, silinda ya chini, uma wa klachi, na mwisho unasukuma krenki yenyewe upande mmoja kila unapokanyaga. Kwa hiyo muulize muuzaji au soma kwenye boksi: nguvu ya kubana imeongezeka kwa asilimia ngapi? Ongezeko la asilimia 20 hadi 30 hivi mguu huzoea baada ya wiki mbili. Ukifika asilimia 50 na zaidi, kaa kwanza kwenye gari lenye klachi ya namna hiyo ukanyage mara hamsini mfululizo, injini ikiwa imezimwa. Goti litakujibu.

Na kama masta na silinda ya chini ni za zamani, badilisha mipira yake au zenyewe kabisa wakati huohuo. Mimi nilibakiza za zamani ili kuokoa fedha, na umeshasoma kilichotokea.

Hatua ya 5: Flaiwili

Kuna flaiwili za aina mbili. Ya kwanza ni chuma kimoja kizima, kama ya 1HZ. Hii ipeleke kwa fundi wa kukereza vyuma aisawazishe uso, hata kama kwa macho inaonekana nzuri. Pleti mpya juu ya flaiwili yenye madoa ya bluu na mistari itatetema tangu siku ya kwanza. Kama flaiwili yako ina ngazi, yaani sehemu inayofungiwa presha pleti iko juu au chini ya sehemu inayogusa pleti, mwambie fundi aondoe kiasi kilekile pande zote mbili. Akikereza ndani tu, presha pleti inapungukiwa nguvu ya kubana, na utalaumu klachi bure.

Ya pili ni ya vipande viwili vyenye springi katikati yake, ambayo Hilux nyingi za dizeli za miaka ya karibuni zinayo. Hii haikerezwi ovyo. Ishike kipande cha nje, ukizungushe na kukitikisa kwa mkono: kikicheza sana au kikiwa na sauti ya chuma kulegea, imekufa. Hapo una njia mbili, kununua nyingine kama ile, au kubadili kwenda ya chuma kizima kwa seti maalumu inayouzwa pamoja na pleti yenye springi kubwa. Ya chuma kizima ni rahisi kuitunza na inavumilia joto vizuri zaidi, ila tegemea mngurumo kidogo wa gia boksi gari likiwa limesimama. Usichanganye: pleti iliyotengenezwa kwa flaiwili ya vipande viwili mara nyingi haina springi katikati, na ukiifunga kwenye chuma kizima umeiweka gia boksi hatarini.

Hatua ya 6: Kununua

Nenda Kariakoo au Gerezani ukiwa na vitu vitatu: namba ya chasisi, namba ya injini, na pleti ya zamani kwenye mfuko wa rambo. Jina la gari halitoshi, kwa sababu Hilux mbili za mwaka mmoja zinaweza kuwa na injini tofauti na klachi za vipenyo tofauti, na magari yetu mengi yalishabadilishiwa injini kabla hayajatufikia.

Dukani, weka mpya juu ya ya zamani. Kipenyo kilingane. Hesabu meno ya katikati moja baada ya jingine, weka alama ya chaki pa kuanzia. Angalia upande wenye springi zilizotokeza umeelekea wapi. Kisha angalia ubora: ribiti zote ziwe zimezama kwa kina kimoja, springi zisicheze kwenye nyumba zake, maandishi ya namba yawe yamechongwa au kupigwa muhuri kwenye chuma chenyewe na yalingane na yaliyoko kwenye boksi. Nyanyua presha pleti. Ya feki mara nyingi ni nyepesi na kingo zake zina chuma kilichobaki bila kusafishwa.

Mazungumzo yatakuwa haya:

"Kaka, hii ni jenyuini?"

"Bosi, hii ndiyo yenyewe, OG kabisa."

"Sawa. Niandikie namba ya spea kwenye risiti ya EFD, na niandikie kwamba isipoingia nitarudisha."

Mwenye mali halisi ataandika bila maneno mengi. Akianza kuzungukazunguka, mshukuru, nenda duka la pili. Ukigundua umeuziwa feki, hiyo risiti ndiyo utakayokwenda nayo Tume ya Ushindani, FCC.

Ya mtumba kutoka Japani, kwa klachi, sikushauri. Gharama kubwa ni kushusha na kupandisha gia boksi, na hiyo unailipa ileile uwe umefunga mpya au iliyobaki nusu.

Hatua ya 7: Kufunga

Nunua kwa pamoja pleti, presha pleti, beringi ya rilizi, beringi ndogo ya katikati ya flaiwili, sili ya nyuma ya krenki na sili ya shafti ya gia boksi. Sili mbili zile ni za bei ndogo kuliko vyote, na zikivuja zinaua klachi nzima.

Kaa na fundi siku hiyo. Mwombe apime pleti mpya kama imenyooka, maana mtikisiko wa pembeni ukizidi milimita 0.8 kwenye Toyota nyingi pleti haifai, na pleti huweza kupinda kwa kuangushwa tu ghalani. Aoshe flaiwili na presha pleti kwa kisafishia breki, kwani vyuma vipya hupakwa mafuta ya kuzuia kutu. Grisi kwenye meno ya shafti iwe chembe tu, ikizidi itarushwa kwenye pleti. Bolti za presha pleti azikaze kwa kukingama, kidogokidogo, akimalizia na spana ya kipimo. Na wakati wa kupandisha gia boksi asiiache ikaning'inia kwenye pleti kwa uzito wake. Hapo ndipo pleti nyingi mpya hupinda, na mwenye gari haambiwi.

Mafuta ya klachi ni yale ya breki, DOT 3 kwa magari mengi. Yatolewe yote ya zamani na upepo utolewe mpaka pedali iwe ngumu tangu juu.

Hatua ya 8: Kuizoesha

Organiki inataka kilomita 500 hadi 800 za mjini bila mzigo wala tela. Za mjini nimesema, kwa sababu safari ya Morogoro haihesabiki: klachi iliyoshika saa tatu mfululizo haijajifunza kitu. Kinachoizoesha ni kule kukanyaga na kuachia, na kwa hilo foleni ya Dar inakufaa. Achia pedali taratibu, mafuta kidogo, usibalansi mlimani muda mrefu, tumia hendibreki. Ukisikia harufu kama ya karatasi inayoungua, simama pembeni, zima, ipoe.

Zikitimia kilomita hizo, pima tena nafasi ya bure ya pedali kwa rula, tazama chini ya gia boksi kama kuna tone la oili, kisha rudi kwenye barabara ile ya alfajiri, mwendo 50, gia ya nne, mafuta yote. Mshale wa injini na mshale wa mwendo vikipanda pamoja, pakia mzigo.